Namna ya kupima spika ndogo za stereo kabla hujazilipia

Maswali ninayoulizwa na watu wanaoanza kujenga stereo ya nyumbani hapa Arusha yanafanana mno, hivyo nimeona ni heri niyajibu yote kwa pamoja na kwa utaratibu. Mtu amechoshwa na sabufa inayotetemesha meza ilhali maneno ya wimbo hayasikiki, na ameambiwa kwamba jozi ya spika ndogo za kuweka juu ya rafu itampa muziki ulio safi zaidi. Anaingia dukani au anakwenda kwenye mitumba, na huko anakutana na maboksi yanayofanana, wauzaji wanaosifia kila kitu na namba za wati zisizoeleweka. Anachotaka kujua ni namna ya kuzipima.

Jibu langu ni kwamba spika ndogo ya bei nafuu hupimwa kwanza kwa sauti ya binadamu, wala si kwa besi. Boksi lenye urefu wa sentimita 30 haliwezi kutoa besi nzito ya ukumbini, na fundi yeyote mkweli atakuambia hivyo. Sauti ya mtu anayezungumza, kwa upande mwingine, imo karibu yote ndani ya uwezo wa spika hizo, na masikio yako yameizoea tangu utotoni, kwa hiyo kasoro yake utaitambua bila kufundishwa. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walitengeneza spika ndogo iitwayo LS3/5A, yenye urefu wa takriban sentimita 30, ili itumike ndani ya magari ya kurushia matangazo ya nje, na hadi leo spika hiyo inasifiwa hasa kwa jinsi inavyotoa sauti ya mtu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye sauti za majaribio ambazo umezihifadhi ndani, usitegemee bando. Ziwe nne: sauti ya mtu wa nyumbani kwako akizungumza kwa dakika moja, funguo zikitikiswa, kwaya yenye sauti zote nne, na wimbo wenye gitaa la besi ambao umeusikia mara nyingi.
- Programu ya bure ya simu inayotoa toni, yaani mlio mmoja usiobadilika, ambayo unaweza kuipangia hezi 50, 60, 80 na 100 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde; ikiwa ndogo, mlio ni mzito).
- Waya wa kuunganisha simu na amplifaya. Kama simu yako haina tundu la pini, Bluetooth inafaa, mradi utumie njia hiyo hiyo kwa kila jozi unayoilinganisha.
- Betri ya rimoti ya volti 1.5, vipande viwili vifupi vya waya na, ukiweza kuazima, mita ya fundi ya kupimia omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme.
- Futi kamba na tochi.

Sauti ya mtu wa nyumbani ndiyo muhimu kuliko zote. Mrekodi mama, mke, mume au mtoto akiwa umbali wa hatua moja kutoka kwenye simu, katika chumba chenye mapazia na makochi, na feni ikiwa imezimwa. Asome sentensi zenye sauti ngumu kwa spika. Mimi hutumia hizi mbili: "Shangazi Asha alishusha sahani sita za shaba" na "Baba Pendo alibeba kapu bovu la maparachichi." Ya kwanza huonyesha namna spika inavyotamka s na sh, na ya pili huonyesha kama p na b zinatoka kifuani mwa mtu au kutoka ndani ya pipa.

Hatua ya 1: Pima chumba chako kabla ya kupima spika

Sebule nyingi za Arusha na Moshi zina kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae na madirisha mapana ya vioo. Simama katikati ya sebule yako upige kofi moja. Ukisikia mlio unaobaki hewani kama wa darasa tupu, chumba hicho kitafanya spika yoyote isikike kali, na kununua spika ya bei kubwa zaidi hakutaondoa tatizo hilo. Zulia nene mbele ya spika na pazia zito dirishani husaidia kuliko fedha utakayoongeza dukani.

Kisha pima mahali spika zitakapokaa. Spika nyingi ndogo zina tundu la hewa, na tundu hilo likiwa nyuma, linahitaji nafasi ya sentimita 15 hadi 20 kutoka ukutani, au zaidi ikiwezekana. Andika kina cha rafu au kabati lako la televisheni, uende na namba hiyo dukani. Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, wufa, yaani ile spika kubwa ya ndani ya boksi inayotoa sauti nzito, ya inchi 4 hadi 5 inatosha kabisa.

Hatua ya 2: Soma kibandiko cha nyuma, uachane na maandishi ya mbele

Namba za wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya boksi, hasa zikifuatwa na herufi PMPO (nguvu ya kilele cha muda mfupi mno), hazikuambii lolote la kufaa. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu ya kuendelea, na zaidi ya hizo tafuta mambo matatu yafuatayo.

La kwanza ni desibeli, yaani kiasi cha sauti ambacho spika hutoa kwa nguvu ndogo ya amplifaya ikipimwa kwa umbali wa mita moja. Spika ndogo nyingi huwa kati ya desibeli 84 na 88. Kila desibeli 3 zinazopungua zinaitaka amplifaya nguvu mara mbili ili sauti ibaki pale pale, kwa hiyo mwenye amplifaya ndogo asilione jambo hili kuwa dogo.

La pili ni omu. Amplifaya iliyoandikwa kwamba inahitaji spika za omu 6 hadi 8 isifungwe spika za omu 4, kwa sababu itapata joto na huenda ikazima au ikaungua.

La tatu ni volti, kwa spika zenye amplifaya ndani yake, yaani zile zinazochomekwa moja kwa moja kwenye umeme. Umeme wetu ni volti 230. Japani wanatumia volti 100 na Marekani 120, na bidhaa za mtumba kutoka huko huuzwa hapa zikiwa zimebadilishwa plagi peke yake. Niliwahi kununua jozi nzuri ya namna hiyo, muuzaji akanihakikishia kwamba "imeshabadilishwa", nami sikugeuza boksi kusoma nyuma. Nilipoichomeka nyumbani ilitoa mlio mmoja mfupi, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa sebuleni. Kibandiko kilikuwa kimeandikwa volti 100 kwa maandishi yanayosomeka vizuri tu. Tangu siku hiyo siwashi kitu kabla ya kusoma nyuma yake, na wewe ninakusihi ufanye hivyo.

Hatua ya 3: Kagua kwa macho na kwa vidole

Omba kifuniko cha kitambaa kiondolewe. Muuzaji akikataa, shukuru uondoke, kwa sababu kilichofichwa nyuma ya kitambaa hicho ndicho unachokinunua.

Angalia ukingo wa wufa, ule mviringo laini unaounganisha karatasi ya spika na fremu. Ukiwa wa raba, mara nyingi utadumu miaka mingi. Ukiwa wa sponji na spika ni ya mtumba, ukaribie kwa tochi: sponji iliyochoka hubadilika rangi ikawa kama mkate uliokauka, na ukiigusa kidogo kwa ncha ya kidole huacha unga au hupasuka. Fundi anaweza kuibadilisha, lakini gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei kabla hujatoa fedha.

Kisha weka vidole vinne kwa nafasi sawa kuzunguka katikati ya wufa, uisukume ndani taratibu kwa milimita chache. Inapaswa kwenda na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya karatasi ya spika) imepinda au imeungua, na spika hiyo usiichukue hata ukipunguziwa bei. Twita, ile spika ndogo inayotoa sauti nyembamba, usiiguse hata kidogo, kwa kuwa kikuba chake chembamba kikibonyea ni vigumu kukirudisha. Mwisho, gonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole: mlio mfupi na mzito ni dalili njema, na mlio wa debe tupu utausikia baadaye ndani ya kila wimbo.

Hatua ya 4: Jaribu kwa betri na mita

Hatua hii ni ya spika zisizo na amplifaya ndani. Gusisha waya wa chanya ya betri kwenye tundu jekundu na wa hasi kwenye tundu jeusi, kwa nusu sekunde tu. Utasikia mlio mdogo, na wufa itasogea mbele. Rudia kwa spika ya pili. Jambo la msingi ni kwamba zote mbili ziende upande mmoja. Moja ikienda mbele na nyingine ikarudi nyuma, kuna fundi aliyeifungua na kurudisha nyaya kinyume.

Ukiwa na mita, spika ya omu 8 kwa kawaida itasoma kati ya 5.5 na 7, na ya omu 4 itasoma kati ya 3 na 3.5. Usishtuke kuona namba iko chini ya iliyoandikwa, kwani ndivyo inavyotakiwa kuwa. Lakini spika mbili za jozi moja zinapaswa kusoma karibu sawa, na isiyosoma kitu imekatika ndani.

Hatua ya 5: Zipange vizuri dukani

Nenda asubuhi, kabla duka halijajaa na kabla jirani hajawasha muziki wake. Kipindi cha masika, usipange kusikiliza alasiri ndani ya kibanda cha bati, kwa sababu mvua ikianza hutasikia lolote. Salimia vizuri, eleza shida yako, na uombe spika ziwekwe mezani, twita zikiwa usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, zikiachana kama mita moja na nusu. Spika iliyorundikwa sakafuni katikati ya nyingine haiwezi kuhukumiwa kwa haki. Kisha omba vitufe vyote vya kuongeza besi vizimwe, na vya kurekebisha sauti virudishwe katikati, kwenye amplifaya na kwenye simu yako pia.

Hatua ya 6: Sawazisha ukubwa wa sauti

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Kati ya spika mbili, ile inayopiga juu zaidi kidogo huonekana bora, hata kama tofauti ni desibeli moja tu ambayo wewe mwenyewe huitambui kama tofauti ya ukubwa. Muuzaji anayetaka kuondosha mzigo fulani anahitaji tu kuiongezea jozi hiyo sauti kwa ncha ya kidole. Mwambie kwa upole: "Kaka, naomba zote zipige kwa kiwango kimoja." Tumia programu ya kupima desibeli kwenye simu ya pili, iliyowekwa mahali kichwa chako kitakapokuwa, na urekebishe kila unapobadilisha jozi.

Ukiweza, geuka uangalie mlangoni huku mwenzako akibadilisha spika bila kukuambia ipi ni ipi. Mwaka 1994, watafiti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba hata wasikilizaji wazoefu hubadilisha hukumu yao wanapoziona spika wanazosikiliza. Jina kubwa na rangi ya mbao vinaingia masikioni kupitia machoni.

Hatua ya 7: Sikiliza sauti ya mtu wako

Cheza rekodi yako kwa kiwango cha mazungumzo ya kawaida, kaa mbele katikati ya spika, ufumbe macho. Je, huyo ni mama yako? Usikimbilie kujibu, na rudia rekodi mara tatu au nne.

Anza na kifua. Sauti ya mwanamume akizungumza huanzia takriban hezi 85, na ya mwanamke takriban 165, na hata wufa ya inchi 4 iliyotengenezwa vizuri huzifikia. Mtu akisikika kama anaongea kwenye simu, sehemu hii imepungua. Akisikika kama ameinamia mtungi, boksi linaitikia lenyewe na kuongeza sauti isiyokuwepo, na kasoro hiyo huchosha haraka kuliko upungufu.

Kisha sikiliza sentensi ya Shangazi Asha. Herufi s na sh zinapaswa kubaki mdomoni mwa msemaji. Zikiruka kutoka hapo na kusikika kama zinatoka kwenye twita, au zikichoma sikio kama mafuta yanayochachatika kwenye kikaango, spika hiyo itakuumiza kichwa ndani ya saa moja, hata kama leo unaiona "inang'aa". Zikififia hadi s na sh zifanane, twita ni dhaifu.

Mwisho, angalia msemaji amekaa wapi. Rekodi ya simu kwa kawaida hutoka sawasawa kwenye spika zote mbili, kwa hiyo sauti inapaswa kusimama katikati, mahali pasipo na spika yoyote, kana kwamba mtu amekaa pale mezani. Jozi ya bei ndogo inayofanya hivyo vizuri ni ya kuthamini sana.

Hatua ya 8: Ndipo uweke muziki na toni

Kwenye kwaya, jaribu kuwafuata wale wa sauti ya pili peke yao kwa ubeti mzima. Kwenye funguo, kila ufunguo usikike kama chuma, usisikike kama mchanga unaomwagwa. Kwenye gitaa la besi, fuata noti moja baada ya nyingine, kwa sababu besi ndogo unayoweza kuimba nayo ni bora kuliko besi kubwa inayopiga noti moja wimbo mzima. Waya mnene wa gitaa hilo ni takriban hezi 41, na spika ndogo haitafika huko, lakini sikio hutambua noti kwa kusikia mlio wake wa juu wa hezi 82, ulio mara mbili ya huo, na hilo linatosha.

Kwa toni, anza na hezi 100 ukishuka hadi 80, 60 na 50. Spika nyingi za ukubwa huu huanza kufifia kati ya 70 na 50. Tahadhari: sauti iwe ndogo wakati wa jaribio hili, maana toni ya chini ikipigwa kwa nguvu huweza kuirusha wufa nje ya mipaka yake na kuiharibu mbele ya mwenye duka.

Rudia wimbo mmoja kwa sauti ndogo kabisa, ile ya saa nne usiku watoto wakiwa wamelala. Spika inayoeleweka kwa sauti hiyo utaitumia kila siku.

Hatua ya 9: Rudia majaribio nyumbani

Omba siku mbili au tatu za kurudisha, na ziandikwe kwenye risiti. Nyumbani, spika mbili na kiti chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, kila upande takriban mita moja na nusu hadi mbili. Usiweke kiti kikigusa ukuta wa nyuma, kwa sababu hapo besi huvimba. Kwa umbali huu waya laini wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, unene ule ule ambao mafundi umeme hutumia kwenye taa, unatosha. Kwangua ncha yake kwa wembe kwanza: ndani ikiwa nyeupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba.

Ukipata matatizo

*Sauti ya mtu haikai katikati, na besi imepotea.* Nyaya za spika moja zimegeuzwa. Hakikisha nyekundu imekwenda kwenye nyekundu pande zote mbili.

*Besi inanguruma kama ngoma iliyolegea.* Sogeza spika mbele, mbali na ukuta na hasa mbali na kona. Ikiwa rafu hairuhusu, sokomeza soksi safi moja kwenye tundu la hewa la kila spika, na utasikia besi ikipungua na kukaza.

*Sauti ni kali mno.* Tandika zulia, funga pazia, na geuza spika kidogo zisikutazame moja kwa moja.

*Kuna mngurumo wa "mmm" hata muziki ukizimwa.* Chomoa chaja ya simu kwanza. Ukiisha, tumia chanzo kingine au chaji simu baadaye. Usipoisha, weka nyaya za sauti mbali na nyaya za umeme.

*Twita iko kimya.* Mara nyingi imeungua kwa sababu amplifaya ndogo ililazimishwa kupiga hadi mwisho ikaanza kukwaruza. Badilisha twita, na punguza sauti mara tu unaposikia mkwaruzo.

*Kuna mtetemo kwenye noti fulani tu.* Kabla hujailaumu spika, cheza toni inayosababisha mtetemo huo na uzunguke chumba ukigusa kitu kimoja kimoja kwa kiganja. Kwangu ilikuwa hezi 80, na kilichokuwa kikilia ni kioo kimoja cha luva cha dirisha la jikoni, ambacho nilikibana kwa kipande cha raba ya tyubu ya baiskeli.